Ukimuuliza Faida, Ngoja Ajibu

Zawadi, mwanangu,

Jana ulisema neno mbele ya wageni, na mimi nikanyamaza. Ulikuwa unakunja vikwembe vyako, vile vitenge vya safari, mama mdogo wako akakuuliza, "Na mutoto je, hatalia?" Ukacheka. Ukasema, "Aka! Faida hatanikosa. Atanisikia kila siku mu televizyo." Wote wakacheka nawe. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Sasa wageni wamerudi kwao, wewe umekwenda kuwaaga shangazi zako, na mimi nimekaa hapa na kalamu. Naandika kwa sababu najijua. Nikisema kwa mdomo nitapiga kelele, wewe utalia, mtoto ataamka, na kesho asubuhi motari atakuja na pikipiki yake akukute macho yamevimba. Wanasema hasira hasara. Basi, nipate hasara, lakini leo sinyamazi.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala sitakueleza habari za wanaume wa Kindu. Umri huo umeupita, una mtoto. Nataka tuongee juu ya kazi yenyewe unayoiendea, kwa kuwa ni kazi yangu pia. Mimi nafundisha materneli, wale watoto wadogo kabisa, tangu wewe hujaota meno, na sasa niko hapa Kasongo. Na wewe unakwenda Kindu kukaa mbele ya mikrofoni, kuwa sauti ya tantini, yule shangazi wa watoto wote, katika kipindi cha watoto wadogo, kile kile cha ndege Tuku, ili watoto wa Maniema wakisikie kwa Kiswahili cha kwao. Ulipopata kazi hiyo nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa. Niliwatangazia hata mama wauza samaki sokoni. Kwa hiyo usiseme kwamba mama yako hajui kufurahi. Nilifurahi sana, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki.

Nianzie mahali ilipoanza. Unakumbuka komite ya wazazi walipotuletea televizyo darasani, na pano ya jua ya kuleta umeme, na ile flashi yenye vipindi vya Tuku. Kabla ya hapo kila asubuhi yangu ilikuwa vita. Huyu analia anamtaka mama yake, huyu amemng'ata mwenzake, huyu amejikojolea na anaficha. Tukaiwasha. Ndege wa manjano akatokea dirishani, akasema, "Habari zenu, marafiki!" Na darasa lote likawa kimya, kimya ti! Zawadi, siku ile nilikunywa chai ikiwa bado moto. Waulize walimu wote wa materneli kama wanaijua chai ya moto. Mkubwa wa masomo, anayetuongoza walimu, alipita akachungulia dirishani, akaniuliza, "Mama mwalimu, hiki kipindi iko muzuri kwa watoto?" Nikamjibu, "Muzuri sana, papa. Hawasumbui."

Umeona nilivyojibu? Aliniuliza kama kipindi ni kizuri kwa watoto, nami nikamjibu kwamba ni kizuri kwangu. Nilipima kwa kimya. Na wala sikujua kwamba nimekosea, nilikuwa nimejiona mwalimu wa kisasa. Huko Kindu utakutana na watu wazima wengi wanaojibu vile, wenye suti na wenye mashati yaliyopigwa pasi. Ukiwasikia wanasema watoto wanakipenda kipindi kwa sababu hawabanduki mbele yake, mkumbuke mama yako na kikombe chake cha chai.

Aliyenishtua kwanza ni mtoto mmoja anaitwa Heri. Tuku aliuliza, "Ua hili lina rangi gani?" Ua lilikuwa la buluu. Heri akasimama, akatanua kifua, akapiga kelele, "Nyekundu!" Na Tuku akasema, "Vizuri sana! Umejua!" Nikamwambia, "Hapana, Heri, ile ni buluu." Aliniangalia kama mtu aliyemuibia. "Mwalimu, Tuku amesema vizuri." Na nyuma yake alikuwepo mwingine ambaye hakufungua mdomo, alikuwa anachimba pua yake tu, na yeye pia akasifiwa. Wote bravo! Aliyejua bravo, asiyejua bravo, anayesinzia bravo. Siku hiyo nilicheka. Ningekasirika siku ile ile, ningeuokoa mpunga wa mjomba wako.

Habari ya mpunga unaijua nusu, kwa sababu ulikuwa umekwenda kwenye majaribio ya sauti, na mjomba wako Ramazani alikusimulia baadaye kwa mzaha. Mimi nilikuwepo, na haikuwa mzaha.

Masomo yalikuwa yamefungwa, nikamchukua Faida, mwanafunzi wangu pia, tukaenda Lusangi kwa kaka yangu. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama. Kazi ya wakati ule unaijua, uliifanya kila msimu mpaka sauti ikakauka: watoto wanapanda kwenye ulingo asubuhi, wanapiga mabido matupu ya mafuta kwa fimbo, wanapiga kelele ndege wasitue. Hata mtoto wa miaka minne anafaa, kwa kuwa kinachotakiwa ni kelele tu. Watu wazima wanakwenda kulima upande mwingine huku sikio moja liko kwenye bido. Kukiwa na kelele, chakula kipo.

Faida akapanda ulingoni pamoja na watoto wawili wa mjomba wako. Siye tukaenda kung'oa muhogo. Mabido yalilia vizuri, kisha yakakatika. Ramazani akasema, "Wamelala hawa." Tukaendelea, tukifikiri wataamka. Kisha nikasikia sauti ya Faida inakuja na upepo: "Moja! Mbili! Tatu!" Nikamshika kaka yangu mkono. Nikamwambia, "Sikia! Mjukuu wangu huyo, anahesabu." Nilisimama na jembe langu nikisikiliza, nimejaa sifa kama kuku aliyetaga. Nne. Tano. Hakukosea hata mara moja.

Tulipofika, tulimkuta amesimama katikati ya mpunga. Anachuma masuke, anayapukuchua mkononi, anatupa punje kwenye njia. Wale wenzake wawili wamekaa chini hawatikisiki, kwa sababu yeye aliwakataza: wakipiga kelele, marafiki wataogopa. Na hao marafiki, Mungu wangu! Upande wote ule wa shamba ulikuwa unatikisika kwa ndege. Ramazani akapiga kelele, "Dada! Mutoto yako iko analisha ndege! Iko anawalisha mupunga yangu!" Akaokota fimbo ya bido. Nikaingia kati. Nikamwambia, "Ukimgusa, utaanza na mimi." Tangu utoto wetu hatujawahi kuambiana maneno kama yale. Akaniuliza, "Nani alimufundisha huu upumbavu?"

Na ilinibidi nimjibu, mimi dada yake mkubwa, mama mwalimu. Nikasema, "Alifundishwa ku masomo. Kwangu."

Faida alikuwa analia. Hakuwa analia kwa kuogopa fimbo. Alinishika kikwembe akasema, "Koko, wamekula wote, na hawajasema asante." Kwa maana Tuku, ukimpa mbegu, anainamisha kichwa na kusema asante, rafiki.

Msimu ule nyumba ya mjomba wako ilikula muhogo kuliko wali. Hajanisema tena, lakini nilipoletewa sahani kwake, najua niliona nini ndani yake. Nilirudi Kasongo na nia moja tu, kuivunja ile televizyo. Nikaiwasha nikaitazama peke yangu darasani, nikitafuta uovu wake. Sikuuona. Ndege mpole, nyimbo nzuri, mtoto anafundishwa kugawa chakula chake. Na hapo ndipo hasira ilipopanda kweli. Kingekuwa kipindi cha bure kabisa ningekitupa chooni. Lakini kilifundisha! Faida alihesabu bila kukosea, na alimpa mgeni chakula kwa roho safi. Kilimfundisha vizuri sana jambo la watoto wengine, wale ambao mchele wao unatoka kwenye mfuko, na ndege ni wa kutazama dirishani.

Waliokitengeneza hawakututukana, Zawadi. Hawatujui tu, basi. Lakini wewe unatujua. Wewe ulikaa kwenye ulingo ule ule. Wakikupa karatasi ya maneno ya kusoma, usiniletee kesho habari kwamba wewe ni sauti tu, kwamba maneno yanatoka kwa wakubwa. Mdomo ni wako. Mtoto wa Lusangi akisikia maneno kwa Kiswahili chake, tena kwa sauti ya dada wa kwao, ataamini mara mbili. Tuku wa kwanza alikuwa mgeni, angalau. Wewe si mgeni. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa huo ulimwengu umeingia ndani, umewekwa juu ya kabati, na wanataka kuupa sauti ya mama mwenyewe.

Haya yote nilikuambia wiki iliyopita, na ulinijibu. Ulisema, "Mama, Kabambare kuna watoto hawajaona materneli hata kwa mbali. Ulifundisha kule, ulitusimulia mwenyewe. Kwao hata Tuku iko kitu." Nikakukatisha, nikasema mboga inaungua. Haikuwa inaungua. Ulikuwa umenishinda. Nilikumbuka wale watoto wa Kabambare waliokuwa wanasimama nje ya dirisha langu, mdogo mgongoni, wakirudia nyimbo zetu kwa sauti ndogo ili nisiwafukuze. Wangeipata hata hiyo televizyo wangeshukuru. Ni kweli. Na hakuna jambo linalonichoma kama mtoto wangu kusema kweli wakati mimi bado sijamaliza kukasirika.

Kwa hiyo sikuambii usiende. Nenda. Lakini siku watakapokuuliza kipindi hiki ni kizuri au ni kibaya, usiitazame televizyo. Mtazame mtoto, tena baada ya kuizima. Mimi siku hizi nazima, nakaa kimya, natazama mikono yao. Kuna siku wanainuka wenyewe, huyu anakuwa mgonjwa, huyu daktari, wanagombania nani awe sindano, na nasema moyoni, leo kilikuwa na maana. Na kuna siku wanabaki wamekaa, mdomo wazi, kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa, wakisubiri kitu kiwashwe tena. Nimeshindwa kueleza kwa mkubwa wa masomo tofauti yake ni nini. Nafikiri tofauti ni kwamba vipindi vingine vinawaachia nafasi, na vingine vinaijaza yote.

Koko yako, mama yangu, alikuwa anaacha nafasi, na hakuwa na habari ya masomo yoyote. Hadithi zake alizitoa akitwanga sombe, majani yetu ya muhogo. Alikuwa anatwanga na kusimulia, anatwanga na kusimulia, halafu anauliza, "Kisha chui akaingia nyumba ya nani?" Na mchi unabaki juu. Haushuki! Anatungojea siye. Mtu anacheka, mtu anajikuna, yeye kimya na mchi wake hewani, mpaka mmoja ajibu. Ukisema chui aliingia kwa kuku, basi aliingia kwa kuku, na hadithi inakwenda kule ulikoipeleka. Ndiyo maana hatukusikia hadithi moja mara mbili.

Nami nilikufanyia wewe vile vile. Unaikumbuka ile siku ya ukaidi wako? Nilikuuliza chui aliingia wapi, ukafunga mdomo. Mchi uko juu, mkono unaniuma, na wewe unaniangalia tu. Marehemu baba yako akaita kutoka barazani, "Zawadi! Jibu basi, watu wana njaa!" Ukafikiri. Ukasema, "Chui hakuingia kokote. Alirudi kwao." Loo! Hadithi ikaishia hapo hapo, na sombe haijalainika. Tulikula majani ya mbuzi siku ile. Baba yako alitafuna mpaka machozi yakamtoka, kwa kucheka.

Sasa nikueleze kwa nini jana niliosha sufuria safi.

Juzi ulipokwenda sokoni ulimwachia Faida simu yako, na ndani yake iko ile sauti ya majaribio waliyokutumia. Nilikuwa jikoni. Nikakusikia unasema, kwa ile sauti yako mpya, tamu kama muwa, "Habari yako, rafiki yangu! Mimi ni tantini Zawadi. Na wewe, jina lako nani?" Faida akajibu haraka, anacheka, "Mama, ni miye. Faida." Na simu ikasema, "Oo, jina zuri sana! Haya, tuimbe!"

Akarudisha nyuma. Watoto wa leo wanajua kurudisha. Ukamuuliza tena, akajibu tena, kwa nguvu, "Faida!" Jina zuri sana, haya, tuimbe. Mara ya tatu aliweka mdomo kabisa juu ya simu, akalitamka taratibu kama anavyosemeshwa mzee asiyesikia vizuri. "Fa-i-da." Jina zuri sana. Haya, tuimbe. Hakuimba. Alikuja jikoni ameishika ile simu kwa mikono miwili, akaniuliza, "Koko, mama amesahau jina langu?"

Mimi mwalimu, mwenye maneno mengi, nilimwambia simu ni mbovu.

Na kesho yake wewe ukasema mbele ya watu kwamba hatakukosa kwa sababu atakusikia kila siku. Atakusikia! Hilo silipingi. Wewe hutamsikia. Utamuuliza na kusifu jibu usilolisikia, na yeye atarudisha nyuma, atajibu tena, mpaka siku moja atachoka kukujibu. Ninachoogopa ni siku hiyo. Mtoto aliyejua kwamba sauti ya mama yake haisikilizi, hata ukirudi mlangoni na mfuko wa zawadi atakutazama tu.

Nenda basi ukawaambie wakubwa wako hivi: mtoto akiulizwa, kipindi kinyamaze. Kinyamaze kweli, mtoto apate kufikiri, amtazame koko yake, ajikune, alitafute neno, aliseme. Na wewe usiseme vizuri sana kwa jambo ambalo hukulisikia. Watakwambia kimya kinachosha, kwamba watu watafikiri mashine imekufa. Waambie mama yako ni mwalimu, ana hasira, na amesema. Wakikataa, fanya kazi yao, lakini usisahau kwamba simu yako inapiga pia. Piga. Usimwimbie, usimhesabishe. Muulize jina lake nani, kisha shika mchi juu. Hata kama unasikia kuku tu, na mimi nagombana na hao kuku, ngoja. Atajibu.

Mtoto amelala juu ya mfuko wako ulioufunga, mguu ameupitisha kwenye mkanda wake. Sijamwondoa. Mama mdogo wako amekushauri uondoke kesho akiwa bado usingizini, ili asilie, kama tunavyofanya siye wote hapa, na kama mimi nilivyokufanyia wewe nilipokwenda kufundisha Kabambare. Ulinitafuta chini ya kitanda, waliniambia. Kwa hiyo usithubutu. Mwamshe. Mwoshe uso. Mwambie kwa mdomo wako kwamba unakwenda.

Atakuuliza utarudi lini. Motari atapiga honi, atasema barabara ni mbaya, mvua inakuja. Mwache apige. Mimi nitakuwa nimesimama hapo mlangoni, na sitakusaidia neno. Mjibu mtoto.

Mama yako, ambaye bado amekasirika, na amekuwekea samaki wakavu chini ya vikwembe.